Nilimpoteza au Tulipotezana? Kiingereza cha Old Kampala



Ndugu wasomaji, na hasa wazazi wenzangu, leo naomba tuzungumze kuhusu Kiingereza. Sina maana ya kile cha kujionyesha kwenye harusi. Nakusudia Kiingereza cha foleni, cha dirishani na cha fomu, pale mama anapoulizwa jina lake, la mumewe na idadi ya watoto, na mtoto aliyezoea kumtafsiria yuko shule.

Sisi tunaoishi Old Kampala tunalijua jambo hili. Kuanzia juu kilimani penye msikiti wa taifa mpaka chini Kisenyi, Kiswahili kinasikika katika nyumba nyingi. Wapo Wakongo, Warundi, Wasomali waliopitia Kenya, na wengine kama mimi tuliotoka Kigoma tukaolewa huku. Wakimbizi wengi wa mjini walianzia kujiandikisha kituo cha polisi cha hapa hapa Old Kampala. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu marekebisho ya katiba ya mwaka 2005, na mwaka 2022 baraza la mawaziri lilipitisha kifundishwe shuleni kwa lazima. Alhamdulillah. Lakini fomu zinatungoja kwa Kiingereza.

Hata jina la mji wetu limepita mdomo kwa mdomo. Inasimuliwa kwamba Waingereza walikiita hiki kilima cha "impala", yaani swala pala (swala mnyama, si swala ya kuswali), Waganda wakasema "akasozi k'empala", na mwisho ikawa Kampala. Kapteni Lugard alijenga ngome yake papa hapa mwaka 1890. Kwa hiyo mtu asikucheke ukisema Kiingereza cha kuchechemea. Mji mzima ulipata jina kwa njia hiyo.

Kabla ya kufika kwenye fomu kuna Kiingereza cha mtaani, nacho kina sheria zake. Mgeni anapita asubuhi, jirani anamwambia "well done". Mgeni anajiuliza amefanya nini cha kusifiwa. Hajafanya kitu. Hiyo ni "gyebale" ya Kiganda iliyovaa suti, salamu ya kumshukuru mtu kwa kazi zake, hata kama ndiyo kwanza ametoka kitandani. Ndani ya "taxi", ambayo Tanzania ni daladala na Kenya ni matatu, utaambiwa "extend", maana yake jisogeze mwenzio akae. Gari la kukodi peke yako linaitwa "special hire". Chenji ni "balance". Hotelini "food" ni matoke, wali na viazi, na "sauce" ni maharage, nyama au samaki. Ugali wanauita posho, neno letu wenyewe la mgao wa chakula, ambalo huku limeingia sufuriani moja kwa moja. Na mtu ambaye hujaonana naye siku nyingi utamwambia "you are lost", kama tunavyosema sisi, umepotea sana siku hizi.

Wapo wanaokicheka Kiingereza hiki. Mimi sikicheki. Bernard Sabiti alikitungia kamusi nzima mwaka 2014, akakiita "Uglish", na ukikaa Kampala bila kukijua utabaki umesimama kituoni. Shida ni moja tu, kwamba karani akishika kalamu Kiingereza kinabadilika, na hakuna anayekutangazia kwamba sasa kimebadilika.

Kila Jumamosi baada ya Alasiri akina mama saba, siku nyingine kumi, hukusanyika sebuleni kwangu na madaftari yao. Mtoto akilia ananyonyeshwa na somo linaendelea. Baadhi yao huja na vitabu vya watoto wao wa mtihani wa darasa la saba, ule wa PLE, vimejaa "stationary" na "stationery", "principal" na "principle". Hayo mimi huyapita haraka. Mdomoni yanasikika sawa, na sijaona mama aliyekosa dawa kwa sababu ya herufi moja ya "stationery". Maneno yanayotuumiza ni yale ambayo Kiswahili kina neno moja na Kiingereza kinataka mawili.

Chukua kusikia. Sisi tunasikia sauti, tunasikia harufu, tunasikia baridi, tunasikia maumivu. Mama akifika kwa daktari anasema "I hear pain", na daktari anaanza kumwangalia masikio. Maumivu na baridi ni "feel", harufu ni "smell", masikio ndiyo yana "hear" yao. Chukua kuazima. Mwenye kalamu anaazima na asiye na kalamu anaazima, lakini Kiingereza kinamwambia mwenye kitu "lend" na mwenye shida "borrow". Saa nazo mnazijua, barua ikisema "2 pm" ni saa nane mchana. Anayekuja saa mbili asubuhi atachoka kungoja, lakini angalau hajachelewa.

Hatari zaidi ni ndiyo. Ukiulizwa kwa Kiswahili, "Huna ndugu mwingine hapa Kampala?" na kweli huna, unajibu "Ndiyo", yaani ndivyo hivyo, sina. Kwa Kiingereza ukiulizwa "Don't you have any relatives here?" ukajibu "Yes", umesema unao, na itaandikwa unao. Wiki tatu baadaye unaulizwa hao ndugu wako wapi, kwa nini uliwaficha, na wewe hukumbuki kumficha mtu. Kwa hiyo darasani kwangu ni marufuku kujibu neno moja. Sema "No, I don't have", au "Yes, I have". Jibu lenye kitenzi ndani yake si rahisi kugeuzwa.

Lakini neno lililonifanya niandike leo ni "lost".

Mama mmoja wa darasani, kwao Uvira, ameniruhusu nisimulie habari yake bila jina. Mwaka 2017 vita vilipousogelea mji wao, watu walikimbia kila mmoja na njia yake. Yeye na watoto wawili walivuka kuingia Burundi. Mumewe alikuwa ziwani kwenye shughuli zake, na hawakuonana tena. Safari ndefu ikamfikisha Kampala. Katika ofisi moja, siku ambayo mkalimani hakuwepo, akaulizwa mumewe yuko wapi. Alikuwa na Kiingereza cha miezi michache, akajikaza, akasema, "I lost my husband."

Kichwani mwake alikuwa na neno tulipotezana. Litazameni vizuri neno hilo. Ile "-ana" ya mwisho inasema tuko wawili, hakuna aliyemwacha mwenzake, na huenda hata sasa kila mmoja anamtafuta mwingine. Kiingereza hakina mkia huo. "I lost my husband", kwa Mwingereza na kwa karani wa Kampala vilevile, ni maneno ya adabu ya kusema mume amefariki. Karani alimpa pole kwa heshima kabisa, "so sorry", akaandika "widow". Mama akadhani anapewa pole ya safari, akashukuru.

Neno hilo likaanza kutembea lenyewe. Kila karatasi iliyofuata ilimwita mjane. Majirani waliopata habari wakaja kumhani. Wengine wakauliza kama eda imekwisha, kwani aliyefiwa na mume hukaa miezi minne na siku kumi, naye amefiwa lini hasa? Hajui aseme nini. Haukupita mwaka mzee mmoja akaleta posa, kwa nia njema, akimwonea huruma na wale watoto. Hapo ndipo mama alipokuja kwangu na bahasha ya karatasi zake, akaniambia kwa Kiswahili cha kwao, "Mwalimu, miye sikusemaka kama alikufa."

Suala la mke ambaye mumewe hajulikani alipo lina mlango wake katika fiqhi, na wanazuoni wametofautiana juu ya muda wa kungoja. Hapo wa kuulizwa ni kadhi, si mwalimu wa Kiingereza, nami nilimwelekeza huko. Upande wangu ulikuwa karatasi. Mtu aliyeandikwa amekufa hatafutwi. Msalaba Mwekundu wana huduma ya kuwatafutia watu jamaa zao waliotenganishwa na vita, tena bila malipo, lakini utaendaje kuomba atafutwe mtu ambaye wewe mwenyewe umesema amefariki?

Jumamosi ile ubao wangu ulijaa neno moja na jamaa zake. "I lost my husband", amefariki. "My husband is lost", amepotea njia kama mtoto sokoni, au kwa mtaani kwetu, haonekani tu siku hizi. "I miss my husband", nina hamu naye, na anaweza kuwa yuko Jinja tu na jioni anarudi. "My husband is missing", hajulikani alipo. Hilo la mwisho ndilo lake. Mama mmoja wa Bujumbura akasema hawa Waingereza maneno yao ni machache mpaka wanayatumia kwa zamu. Tukacheka sote. Mwenyewe naye alicheka, kisha akalia, tukaacha somo kwa muda.

Kumbe mtego ulikuwa haujaisha. Mtu mmoja alimwambia aende akaseme "We were separated by the war". Sentensi hiyo ni safi kabisa, haina kosa. Ila kwenye fomu, panapoulizwa habari ya ndoa, kuna visanduku vya "single", "married", "divorced", "separated" na "widowed", naye akataka kutia alama kwenye "separated" kwa kuwa ndilo neno alilofundishwa. Kisanduku hicho ni cha mume na mke walioachana kila mmoja akaishi kwake, ingawa ndoa haijavunjwa rasmi. Neno hilo hilo, kwenye sentensi lina vita, kwenye kisanduku lina ugomvi wa nyumbani. Kisanduku chake kilikuwa "married". Alishangaa, akaniuliza, "Hata kama simwoni?" Hata kama humwoni. Fomu haikuulizi kama unamwona.

Tuliandika barua fupi sana, sentensi tatu. Kwamba ameolewa, kwamba mumewe "has been missing since 2017", na kwamba hakukusudia kusema amekufa. Niliikataa sentensi ya nne aliyotaka kuongeza ya kuomba msamaha, kwa sababu hapakuwa na uongo wa kuombewa msamaha. Ilichukua miezi mingi ya kwenda na kurudi. Hayo sitayaeleza, mliosimama kwenye foleni mnayajua.

Mwaka 2019 ikaja simu kutoka kambi ya Nyarugusu, kule kwetu Kigoma. Mtu wa Uvira alimwona mtu wa Uvira, namba ikapita mikono minne mpaka ikafika Old Kampala. Wakati huo jina la mume lilikuwa limesharudi kwenye karatasi, hai, katika safu yake. Alipofika, inshaallah nitaandika siku nyingine jinsi mtaa ulivyompokea, hakuhitaji kuanza kwa kuthibitisha kwamba hakufa.

Lakini hakuja peke yake. Alikuja na mvulana wa miaka kumi hivi, mtoto wa marehemu kaka yake, na hapo tukaingia kwenye maneno ya ukoo, ambayo kwa maoni yangu ndiyo yanayozisumbua familia zetu kuliko mengine yote. Kwetu baba mdogo ni baba, mama mkubwa ni mama, mtoto wa ndugu yangu ni mtoto wangu, na ndugu anaweza kuwa wa tumbo moja au wa kijiji kimoja. Fomu inataka kujua nani kamzaa nani. Mtoto akisema ana "fathers" wawili, na mama akasema baba ni mmoja, msikilizaji anaona watu wanaogongana maneno, na kumbe kila mmoja ameeleza malezi yake. Ongeza yeye wetu, asiye mwanamume wala mwanamke, ambaye kwa Kiingereza lazima uchague "he" au "she". Mama anaanza na "my sister he", na baada ya sentensi tatu hakuna anayejua ni watu wangapi wanazungumziwa. Kwenye fomu taja alivyozaliwa. Nyumbani muite mwanao kama ulivyomzoea, hakuna atakayekuuliza.

Tulifanya mazoezi Jumamosi mbili. Siku ya siku nilimsindikiza, nikakaa benchi la nyuma. Karani akamwangalia yule mvulana, akauliza, "So this one is not your son?" Nikaona mama amefungua mdomo, na ndiyo yetu ilikuwa imeshafika kwenye ulimi. Akaimeza. Akasema polepole, "No, he is not my son. He is the son of my husband's brother. His father died. I am raising him."

Karani alisimamisha kalamu, akamtazama, kisha akaandika yote.

Wassalaam alaykum.