Kipa wa Jiwe

Komiki ya kwanza niliyoisoma haikuwa na mwisho. Ilikuwa Commando, vile vijitabu vya vita kutoka Uingereza vilivyotosha mfuko wa nyuma wa kaptula, na ilipofika kwetu Jericho, Nairobi, mwaka 1984 ilikuwa imepita mikono mingi mno. Mgongo wake ulikuwa umeshonwa kwa uzi mweusi wa fundi viatu. Rubani ameruka na mwavuli, adui wanamngoja chini na bunduki, kisha hakuna ukurasa tena. Kaka yangu alisema aliipata kwa kijana mmoja wa Maringo, basi nikatembea hadi Maringo kumuuliza kama rubani alipona. Yule kijana alinitazama kwa huruma. Yeye pia aliipokea vivyo hivyo, na aliyempa aliipokea vivyo hivyo.

Usiku ule nilichukua daftari langu la hesabu, lile la miraba, nikamchorea rubani mwisho. Miraba ilinifaa: hesabu kumi kwenda kando, nane kwenda chini, fremu imekamilika na rula huna. Nilimwangusha rubani juu ya mwembe. Sikujua kama Ujerumani kuna miembe, lakini mti niliojua kuuchora ulikuwa huo. Nikachana ukurasa, nikaubandika kwa gundi ya unga wa ngano, komiki ikaendelea na safari yake. Wiki kadhaa baadaye nilikuwa kwenye foleni ya maji nikamsikia mtoto nisiyemjua akimsimulia mwenzake jinsi rubani alivyojificha mwembeni mpaka kukacha. Nilishika mtungi wangu, nikanyamaza, kifua kimejaa.

Enzi hizo hakuna aliyekuwa na komiki kwa maana ya kuimiliki. Ilikuwa kwako leo, kesho iko Ofafa, keshokutwa Kaloleni. Tulikuwa na sheria zetu ambazo hakuna aliyeziandika: yenye jalada kwa mbili zisizo na jalada, ukikunja kona, hupewi tena, ukichelewa siku tatu, unatoa ngovo. Shilingi tano haikuwa mchezo kwa mtoto, na ndiyo maana vitabu vilirudi. Aliyetaka kusoma bure alikwenda tawi la maktaba ya McMillan pale Kaloleni, ila huko hukuweza kucheka kwa sauti, na komiki isiyochekewa kwa sauti sikuiona kama imesomwa.

Baba alinunua Taifa Leo, na kabla ya habari za siasa alimtafuta Juha Kalulu. Mzee Edward Gitau ndiye aliyekuwa akimchora, na alimchora kwa miaka mingi hata ikawa mtu na mwanawe wamemcheka Juha yule yule. Baba alisoma kwanza, kisha mama, kisha sisi, kisha gazeti likavuka ukuta kwa jirani. Chini ya kitanda baba alikuwa na kitu alichokithamini zaidi: nakala chache za Joe, jarida lililoanzishwa mwaka 1973 na Hilary Ng'weno na mchoraji Terry Hirst. Lilikuwa limekwisha kuzimika kabla sijajua kusoma. Nilipofungua nakala ya kwanza niliona jambo ambalo Commando haikunipa kamwe: mtu aliyevaa koti kama la baba, amesimama kwenye kituo cha basi kama chetu, hana nauli kama sisi. Sikuwa nimejua kwamba inaruhusiwa kuchora watu tuliokuwa tukiishi nao.

Kisha zikaja Pichadithi. Jina lenyewe, picha na hadithi zimefungwa pamoja, lilinifurahisha kulitamka. Ilikuwa miaka ya themanini, na Hirst alikuwamo humo pia. Zilichora hadithi za kwetu, na mimi niliyopenda kuliko zote ni ya Lwanda Magere, shujaa wa Waluo ambaye mwili wake ulikuwa jiwe na mkuki haukumpenya. Ilikuwa kwa Kiingereza. Mlango wa pili kutoka kwetu aliishi bibi mmoja aliyetoka Kano, ambaye watoto wote wa ploti tulimwita Dani. Jioni moja aliniona nikiisoma kwenye ngazi, akaniambia nimsomee. Nikawa nafasiri kwa Kiswahili, sentensi moja moja, huku namwonyesha picha.

Aliitikia kwa koo, mmh, mmh, mpaka tulipofika kwa yule mke aliyetoka kwa maadui. Hapo aliweka kiganja juu ya ukurasa.

"Nyakwara, sasa funga kitabu. Hapa nitasema mimi."

Akasimulia jinsi Lwanda alivyougua, jinsi alivyomwambia mkewe amchanje dawa kwenye kivuli badala ya mwilini, na wembe ulivyogusa kivuli damu ikatoka. Mke akatoroka usiku kuwaambia ndugu zake. Dani aliinuka, akasimama kwenye taa ya koroboi ili kivuli chake kipande ukutani, kisha akakichoma kwa kidole. Nilirudi nyumbani kupitia upande usio na mwanga. Aliniambia pia kwamba Lwanda alipouawa aligeuka jiwe, na kwamba jiwe hilo lipo hadi leo, wawindaji hunoa mikuki yao hapo.

Shuleni hawakutaka kusikia haya. Mwalimu mmoja alikuta komiki saba chini ya dawati langu, tano si zangu, akazitia motoni nyuma ya jikoni wakati wa gwaride. Alisema zinaharibu Kiingereza na zinaharibu Kiswahili. Bado naona kosa lilikuwa lake. Insha nilizoandika vizuri ziliandikwa na mkono uliozoea kubana maneno ndani ya puto dogo, ambamo ukizidisha neno moja sura ya mhusika inafunikwa. Madeni ya zile tano niliyalipa kwa kuchora: kila mwenye komiki alitaka kurasa nne mpya, nami nikamchorea.

Nilipomaliza kidato cha nne mwaka 1993 sikuwa na kazi, ila nilikuwa na chupa ya wino mweusi na kalamu mbili. Mwaka uliofuata nikatengeneza Kipa wa Jiwe. Ni kijana wa Jericho anayedakia timu ya mtaa pale Camp Toyoyo. Hakuna mpira unaompita, kwa sababu mwili wake ni jiwe. Lakini mechi za mtaa huchezwa jioni, na kuanzia saa kumi na moja jua la Toyoyo hulala, vivuli vikawa virefu kuliko wenyewe. Mpira ukipita juu ya kivuli chake, mikono yake inalegea. Anayeijua siri hiyo ni msichana anayempenda, na msichana huyo ana kaka anayechezea Kaloleni.

Kuichora ilinichukua miezi minne, na nusu ya muda huo nilikuwa najifunza tabia za mashine ya fotokopi. Kijivu haikijui: ukipaka wino hafifu, kinatoka cheusi au hakitoki. Kwa hiyo vivuli vyote nilivitengeneza kwa mistari, mmoja mmoja, na katika hadithi ambayo kivuli ndiye mhusika mkuu mistari hiyo ilikuwa maelfu. Ukichora karibu na ukingo, mashine inakula vidole vya watu. Na maneno huandikwa kwanza, puto hufuata. Anayeanza na puto atakuja kubananisha herufi mpaka zisisomeke. Kurasa 16 zinaingia kwenye karatasi nne zilizokunjwa katikati, ukurasa wa kwanza ukilala ubavuni mwa wa 16. Nilitoa nakala 30 mjini, barabara ya River Road, nikazipiga stepla mwenyewe sakafuni kwa mama.

Mazungumzo niliyaandika kwa Sheng, kwa sababu hakuna kipa wa Toyoyo anayemkemea beki wake kwa Kiswahili cha redio. Nakala kumi niliuza. Zilizobaki nilizisambaza kwa njia niliyoijua: moja kwa kinyozi, moja kwa muuza magazeti wa City Stadium, moja kwa fundi baiskeli, na kila moja nikiomba isikae. Hazikukaa. Hata yangu niliiazimisha, na sikuiona tena.

Mwaka 2010 Shujaaz ilipotoka, komiki nzima kwa Sheng, bure, ndani ya gazeti na kwenye vibanda vya M-Pesa, niliisoma nimesimama pale pale kibandani. Nilimsoma Boyie na redio yake ya chumbani nikawakumbuka wote niliokuwa nikibadilishana nao. Miaka miwili baadaye tukampoteza Frank Odoi, Mghana aliyeifanya Nairobi kuwa kwake, mchoraji wa Akokhan, katika ajali ya matatu. Nilikuwa nimenakili mikono ya wahusika wake mara nyingi kuliko nilivyonakili aya za darasani. Siku ile sikuchora chochote.

Mwaka jana nilikuwa ndani ya matatu ya 58 kutoka mjini. Nyuma yangu baba mmoja wa makamo alikuwa akimpigia mwanawe hadithi ili asilale. Tulipopita City Stadium nikasikia neno Toyoyo, kisha nikasikia kivuli. Niligeuka.

"Samahani, ndugu yangu. Hiyo uliisoma wapi?"

"Kwa kinyozi, Makongeni. Zamani sana. Haikuwa na jalada, hata sikujua inaitwaje."

Nikaelewa mara moja. Karatasi ya nje ilikuwa imeng'oka kwenye stepla. Ilikwenda na jina la kitabu na jina langu, na upande wake wa pili ilikwenda na mwisho wa hadithi, ambamo penalti inapita juu ya kivuli na kipa anaanguka.

"Iliishaje?"

"Kulikuwa na ukurasa umebandikwa. Wa kuchorwa na biki." Mtoto alikuwa amemtazama baba yake mdomo wazi, na yule baba akamgeukia yeye badala yangu. "Sasa yule wa Kaloleni anaweka mpira chini. Jua liko nyuma ya goli, kivuli cha kipa kimetambaa hadi kwenye mpira. Basi watoto wote wa Jericho wakatoka kwenye laini, wakaenda kusimama nyuma ya goli. Vivuli vyao vikaanguka juu ya kivuli chake. Yule mpigaji akaangalia chini, asijue cha kipa ni kipi."

Nilimuuliza ni nani aliyeuchora ukurasa huo. Hakujua. Alipoipokea ilikuwa tayari hivyo, na tulikuwa tumeshaingia Rabai Road.