Kizibo Kilichotoka Siku ya Sendofu

MC aliita, ndafu ikakatwa, binti akapokea kipande cha kwanza. Aling'ata mara moja, akanyamaza. Kuanzia hapo hadi watu wanatawanyika hakucheka tena kwa kufungua mdomo. Mama yake, muuza mchele wa Tunduma, alidhani ni uchungu wa kuaga nyumbani. Ukweli aliujua usiku wa manane, binti alipomfungulia kiganja. Ndani yake kulikuwa na kipande cheupe, kidogo kama punje ya mchele.

"Mama, kile kizibo cha jino la mbele kimetoka."

Kilikuwa na siku mbili tu. Jino lilizibwa Alhamisi, sherehe ikawa Jumamosi. Mama alilala akiwalaani waliolizibia, na Jumatatu alfajiri wakapanda basi kwenda Mbeya.

Daktari wa meno aliangalia, kisha akauliza swali moja: "Siku za karibuni umetumia dawa ya kung'arisha meno?"

Binti akamtazama mama yake kwanza. Ndiyo. Alivuka Nakonde, akanunua jeli kwa kwacha, akaipaka usiku tano mfululizo, wa mwisho ukiwa Jumatano. Kule alikozibiwa hakusema, nao hawakumuuliza. Hapo ndipo kosa lilipo, na ni la pande zote mbili.

Jeli nyingi za kung'arisha meno hutumia peroksaidi. Hiyo hupenya jino, huvunja rangi zilizojificha ndani, na ikimaliza kazi huacha oksijeni kwenye vitundu visivyoonekana kwa macho. Kizibo cheupe cha siku hizi nacho ni aina ya plastiki laini inayogandishwa kwa mwanga wa bluu, na kinachokishikilia ni gundi inayoingia kwenye vitundu hivyo hivyo na kugandia humo. Oksijeni iliyobaki huizuia gundi kuganda sawasawa. Kwa nje kizibo kinaonekana kimekamata, kumbe kimeshikwa nusu. Hata kisipodondoka, mate na vijidudu vinaweza kupenya pembeni, na jino likaanza kuoza upya chini yake bila mtu kujua.

Dawa yake ni kusubiri. Oksijeni hutoka yenyewe, na madaktari wengi hungoja angalau wiki 2 baada ya jeli ya mwisho, wengine hadi 3. Subira hiyo inasaidia na rangi pia, maana weupe wa siku za mwanzo hushuka kidogo, na kizibo kikishawekwa hakibadiliki. Ndiyo maana mwenye kizibo cha zamani jino la mbele hujikuta ana doa baada ya kung'arisha: meno yamekuwa meupe, kizibo kimebaki vilevile. Jino lenye tundu nalo lisipakwe jeli likiwa wazi. Huzibwa kwanza kwa muda, vinginevyo dawa huingia na kuchoma mshipa.

Kwa watoto wa sekondari jambo ni zito zaidi. Katika Umoja wa Ulaya, bidhaa yenye zaidi ya asilimia 0.1 ya peroksaidi ya hidrojeni haitumiwi na aliye chini ya miaka 18. Boksi la binti huyu halikuandikwa asilimia yoyote.

Harusi ilikuwa wiki 3 mbele. Daktari aliweka kizibo cha muda, akahesabu siku kwenye simu ya mama, akawapa tarehe ya kurudi na onyo la kutong'ata nyama kwa jino hilo.

Basi lilipopita Vwawa ndipo mama alipouliza.

"Kwa nini hukuniambia, mwanangu?"

"Niliogopa utasema najichubua."

Mama hakujibu. Walipofika Mpemba akanyoosha mkono, akaomba alione hilo boksi.