Nilimdanganya nesi kuhusu mama yangu

Wadau wangu, leo umbea tunauweka pembeni kidogo. Leo stori ni yangu mwenyewe.

Wiki mbili zilizopita nilianza kliniki, mimba yangu ya kwanza (ndiyo, mmeshajua, pongezi nazipokea). Benchini tuko wanawake kumi na kitu. Nimepanda mzani, nesi akasoma kwa sauti mpaka wa mlangoni wakasikia: "Themanini na nne!" Na urefu wangu ni sentimita 160 tu, sijabarikiwa. Mtu akacheka nyuma yangu. Nesi wala hakuinua macho, akauliza, "Kwenu kuna mwenye sukari? Mama? Baba?"

Nikasema hakuna.

Mama yangu ana sukari, huu mwaka wa tisa.

Hapa Mkwajuni wengi mmekula kwake. Amelisha wachimbaji miaka na miaka, wali, ugali, samaki wa Ziwa Rukwa, maandazi ya asubuhi. Ni mwanamke mkubwa, na jina la utani alilopewa na wateja lina neno "bonge" ndani yake, akaitika kwa furaha maisha yake yote. Si mnajua kwetu? Ukinenepa unaambiwa umependeza, maisha yamekukubali. Ukipungua kilo tatu tu watu wanaanza kunong'ona wewe umeathirika. Sasa nani angemwambia apunguze? Mpaka kilipokuja kiu kisichoisha, kwenda chooni mara tano usiku, na kidonda cha mguu kilichogoma kupona.

Kwa nini nilidanganya? Nimejiuliza sana. Jinsi swali lilivyoulizwa mbele za watu, niliona kama natakiwa nimtaje mama kwa kosa fulani. Kumchongea mzazi wako. Sikuweza.

Usiku nikaingia mtandaoni kusoma, kosa kubwa kwa mjamzito. Kuna utafiti wa Denmark wa mwaka 1986. Walichukua watu wazima 540 waliolelewa na wazazi wasiowazaa, wakalinganisha miili yao na ya wazazi wa pande zote mbili. Unene wao ulifuata waliowazaa, mama na hata baba, wala haukuendana na waliowalea. Yaani ukalie meza ya nani, damu inakuja na hesabu zake.

Mwingine ni wa Aberdeen, Scotland, ulitoka 2013. Huo ndio ulioninyima usingizi. Waliwafuatilia watoto zaidi ya 37,000, wakati huo wengine wameshafika miaka 61. Wale ambao mama zao walikuwa na unene uliokithiri wakati wa mimba, uwezekano wao wa kufa mapema ulikuwa juu kwa asilimia 35 kuliko waliozaliwa na mama wa uzito wa kawaida. Magonjwa ya moyo nayo yaliwapata zaidi. Nikachukua kilo zangu, nikagawanya kwa urefu wa mita mara mbili: 32.8. Kuanzia 30 wanakuhesabu humo humo. Hapo nikazima simu, nikashika tumbo.

Asubuhi akili ikarudi kidogo. Asilimia 35 zaidi maana yake nini? Tuseme katika watu elfu wangekufa 20, sasa wanakuwa 27. Si wote elfu. Halafu utafiti wa namna hiyo hauwezi kukutenganishia kilichotoka tumboni na kilichotoka sahanini. Na hapa kwetu sahani ina kesi yake. Takwimu za taifa zinaonyesha mwaka 2010 wanawake wa miaka 15 hadi 49 wenye uzito uliozidi walikuwa asilimia 22, na 2015-16 wakafika 28. Miaka mitano tu! Damu ya Watanzania haiwezi kubadilika kwa miaka mitano. Kilichobadilika ni mafuta, soda na bodaboda. Mchimbaji anakula sahani ya mama halafu anashuka shimoni kutwa nzima. Mimi na mama tulikula sahani ile ile, tukakaa kwenye stuli tukihesabu chenji. Mimi siku hizi hata sokoni naitisha boda.

Jumapili nikamweleza mama. Alinyamaza muda mrefu, anakunja khanga na kukunjua.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuambukiza?"

Nikamwambia hapana mama, haiambukizi, ila mtoto wa mwenye sukari yuko karibu nayo zaidi. Nikaona machozi, nikatamani ningenyamaza. Mara akacheka kidogo, akasema, "We mtoto ulizaliwa kilo nne na nusu. Hospitali nzima ilikuja kukuangalia."

Hiyo stori nimeisikia tangu utoto, ni fahari ya ukoo. Siku hiyo ndiyo nikaisikia vingine, maana nilikuwa nimesoma kwamba mtoto mkubwa hivyo anaweza kuwa dalili kwamba sukari ya mama ilipanda wakati wa mimba. Haikupimwa. Tukatazamana. Pengine ilikuwepo tangu mimi niko tumboni, pengine haikuwepo. Hatutajua.

Nikarudi kliniki, safari hii na mama. Nilitaka nimnong'oneze nesi pembeni, lakini nikachelewa. Mama akatangulia mbele ya benchi zima: "Mimi ndiye mwenye sukari, na huyu alizaliwa kilo nne na nusu. Andika." Nesi akaandika. Akavuta kiti karibu, akashusha sauti, akawa mtu mwingine kabisa. Akanipima kabla sijala chochote: 4.8, salama. Akasema nitapimwa tena kati ya wiki ya 24 na 28, ile ya kunywa maji ya glukosi, na kwamba sasa si wakati wa kujinyima chakula ili nikonde. Nitembee tu, soda niache.

Nikishajifungua ndiyo hesabu nyingine itaanza. Marekani mwaka 2002 watu wazito waliokuwa wanaelekea kwenye sukari walipewa kazi mbili: wapunguze asilimia 7 ya uzito, watembee dakika 150 kwa wiki. Waliougua walipungua kwa asilimia 58. Kwangu asilimia 7 ni kama kilo sita. Hizo naziona zinawezekana.

Jioni tunatembea, mimi na mama, taratibu kwa sababu ya mguu wake. Bodaboda wanatupigia honi wakidhani tumekosa nauli.

Na ile posti ya mwezi uliopita, ya dada muimbaji niliyeandika kwamba "kanenepa kama mama yake", mkacheka wote na mimi nikacheka, nimeifuta. Msinitafutie skrinishoti.