Mimi na Baba Tulivyodanganyana kwa Simu

Kwa muda wa wiki tisa mimi na babangu tulidanganyana kila siku, asubuhi na jioni, yeye akiwa Bungoma nami nikiwa Kitale. Uongo wenyewe haukuwa wa mali wala wa mipaka ya shamba. Tulidanganyana kuhusu kutembea kwa miguu.

Cheka, msomaji, una ruhusa. Lakini tulipoanza hatukuwa na la kuchekea. Mwaka wa 2019 baba mdogo, anayemfuata babangu kwa kuzaliwa, alikatwa mguu chini ya goti. Alikuwa ameugua kisukari kwa miaka mingi. Siku moja alidungwa na mwiba shambani akiwa amevaa ndara, na kwa kuwa maradhi hayo yalikuwa yamekwisha kuua hisi za nyayo zake, hakujua ana mwiba hadi kidonda kilipoanza kunuka. Basi babangu naye alipopatikana na sukari mapema mwaka wa 2023, jamii nzima ilianza kumtazama miguu kabla ya kumtazama uso.

Mwaka huo huo mimi nilikwenda zahanati kutafuta dawa ya kikohozi. Muuguzi akanifunga kile kitambaa cha kupima shinikizo la damu, akasoma 158 kwa 102. Akapima tena, na tena. Nilikuwa na umri wa miaka 41. Akaniuliza, “Dada, kwani wewe hufanya kazi gani?”

Mimi ni karani wa hesabu. Kampuni iliyoniajiri ilikuwa na afisi mjini Kitale, ghorofa ya tatu, katika jengo lisilo na lifti. Nilitoka Milimani kwa miguu asubuhi, nikarudi kwa miguu jioni, na katikati nilipanda na kushuka ngazi mara nyingi nikifuata sahihi za wakubwa. Sikuwahi kuita hayo mazoezi. Kwangu yalikuwa taabu. Kisha mgonjwa wa kwanza wa corona akatangazwa nchini Machi 13, 2020, na kabla ya mwezi kwisha tulikuwa tumetumwa nyumbani, kila mtu na kompyuta yake. Wengi nchini walirudi afisini baadaye. Sisi afisi yetu ilifungwa kabisa, tukaambiwa tuendelee huko huko tuliko.

Nilifurahi, nisiseme uongo mwingine. Lakini meza yangu ya kazi iko hatua nane kutoka jikoni. Nilikuwa naamka, najifunga leso, nafungua kompyuta, na chai ya maziwa inanifuata. Mwanamume wa bodaboda aliniletea mboga, akaniletea unga, akaniletea hata mandazi. Zilikuwako siku ambazo sikuvuka lango.

Kuna utafiti mmoja wa Uingereza ambao naupenda kwa sababu unahusu mabasi, na sisi watu wa matatu tunaelewa mambo ya mabasi. Mwaka wa 1953 daktari aitwaye Jerry Morris na wenzake walichapisha matokeo ya kuwachunguza wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa jijini London. Madereva, waliokuwa wakikaa kutwa, waliugua moyo zaidi kuliko makondakta, waliokuwa wakipanda na kushuka ngazi kutoza nauli. Basi ni lile lile, abiria ni wale wale, tofauti ni kiti. Nilipousoma nikajiona. Nilikuwa kondakta bila kujua, na sasa nilikuwa nimegeuzwa dereva wa basi lisilokwenda popote.

Ndipo tukafanya mapatano, mimi na Baba. Yeye ni mwalimu mstaafu na anapenda mambo yenye ratiba. Tulijua kwamba Shirika la Afya Duniani linawataka watu wazima, na wazee pia, watembee kwa kasi ya kadiri kwa dakika 150 kwa wiki angalau, yaani nusu saa kwa siku tano. Tulijua pia kwamba misuli inayofanya kazi huivuta sukari kutoka kwenye damu. Nikamnunulia simu inayohesabu hatua, tukaahidiana hatua 10,000 kila siku. (Baadaye nilikuja kujua kwamba hesabu hiyo haikutoka kwa daktari. Ilianzia Japani mwaka wa 1965, kama jina la kifaa cha kuhesabia hatua kilichokuwa kikiuzwa madukani.) Saa kumi na mbili asubuhi ningepiga simu kumwamsha, na usiku kila mmoja angesoma nambari yake.

Wiki ya kwanza nilitembea hadi Makumbusho ya Kitale na kurudi, kila siku, kwa raha. Ya pili ikaja mvua. Asubuhi za Julai huku kwetu Kitale ukungu hukaa mpaka mtu akasahau kwamba Mlima Elgon upo. Siku moja nilipiga simu nikiwa kitandani, blanketi mpaka kidevuni. “Papa, umetoka?” “Nimetoka, Mayi.” Huniita hivyo kwa sababu nilirithi jina la mamake. “Na wewe?” “Niko barabarani,” nikasema, na nikageukia ukutani. Usiku nikasoma hatua 8,400, nambari niliyoitunga nikipiga mswaki.

Baba aliniacha nyuma kabisa. Mwezi wa Agosti alikuwa akisoma hatua 11,000, siku nyingine 14,000. Nikaona haya. Mzee wa miaka 73! Shule zilipofunguliwa kwa muhula wa tatu nambari zake zikateremka ghafla, nami nikasingizia mvua. Mkaguzi wa hesabu mzima nisiweze kusoma nambari nilizotajiwa na babangu!

Jumamosi moja ya Septemba nilikuwa Webuye kwa mipango ya matanga ya jamaa. Mkutano uliisha mapema, nikaona nipande matatu niende Bungoma niwasalimie wazazi bila kuwaambia. Niliposhuka Kanduyi nikampigia. “Papa, uko wapi?”

“Niko katika zile hatua zetu, Mayi. Sasa hivi niko hapa Kanduyi, nimefika kwenye uwanja.”

Mimi nilikuwa nimesimama karibu na uwanja huo huo. Nilitazama kushoto, nikatazama kulia.

Nilimkuta barazani, mguu juu ya kigoda, kikombe mkononi. Mjukuu wake wa Gredi ya 6 alikuwa anafukuza mpira nje ya boma, na simu ya hatua imo mfukoni mwa kaptula yake. Mama aliponiona alijifunika mdomo kwa leso, akaingia ndani kwenda kucheka.

Nilikuwa nimejiandaa kufoka. Nikamtazama Baba, naye akatazama ule mguu wake, na wala hakutabasamu. Akasema polepole, “Nikitembea peke yangu huwa namfikiria tu ndugu yangu. Nikifika kwenye mti wa kwanza, narudi.” Basi nami nikamwambia habari za blanketi. Tulikaa kimya kwa muda. Kisha akauliza, “Hata zile 8,400?” Nikamjibu hata hizo.

Siku hiyo tuliivunja mikataba ya nambari. Nambari husomwa usiku, wakati mtu hawezi tena kubadili siku yake, na anayesomewa yuko mbali. Tulichohitaji ni mtu wa karibu ambaye shughuli yake ingeharibika tusipotembea.

Mimi nilimfukuza mchukuzi wa bodaboda aliyekuwa akimpeleka binti yangu shuleni. Sasa nampeleka mimi, dakika ishirini na tano kwenda, na nyingine kurudi. Mtoto wa Gredi ya 3 hasikii habari za ukungu. Akichelewa ndiye anayesimamishwa nje ya darasa, na atanikumbusha hilo mpaka Jumapili. Nikirudi huwa nimevaa viatu, nami nimegundua kwamba mwenye viatu hukaa mezani kwa namna nyingine kabisa na mwenye leso. Mboga nazifuata sokoni mwenyewe. Tembe za shinikizo bado nameza, lakini mara ya mwisho muuguzi alisoma 136 kwa 86, na hakupima mara ya tatu.

Baba ilikuwa vigumu zaidi. Mama alijaribu kumtuma dukani, akawa anamtuma mjukuu. Aliyemwokoa ni mwalimu mwenzake wa zamani anayekaa kilomita mbili kutoka kwetu, mwenye maumivu ya nyonga, asiyeweza kumjia. Wanacheza drafti kwa vifuniko vya soda kila asubuhi baada ya chai, isipokuwa Jumapili. Kuna daftari la ushindi, na daftari hilo linakaa kwa yule mwenzake, jambo ambalo Baba halilali. Asipofika, anaandikiwa kushindwa.

Chai yenyewe bado ana ugomvi nayo. Mama hutia kijiko kimoja cha sukari, naye huvizia cha pili.

Juzi nilipiga simu saa nne. Alipokea Mama.

“Amekwenda,” akasema. “Simu ameiacha hapa mezani.”

“Amevaa viatu gani?”

Nilimsikia akienda hadi mlangoni, kimya kidogo, kisha akirudi.

“Ndara ziko.”