Maji Niliyomnyima Jasiri

Nilimuua mbwa wangu kwa kiu. Ninaanza na neno hilo kwa sababu kila nilipoisimulia habari hii kwa namna nyingine nilisema alikufa kwa kuhara, watu wakanipa pole, na pole zile sikustahili hata moja. Kuhara kulimdhoofisha. Kilichommaliza ni uamuzi wangu wa kumwondolea bakuli la maji, uamuzi nilioufanya nikiwa na akili zangu timamu, nikiamini kwamba ninamtibu.

Nilimwita Jasiri. Nilimchukua kwa mfugaji mmoja upande wa porini, akiwa bado mdogo mno kuachishwa kunyonya, nikamleta nyumbani Kibaigwa alinde uani. Mji wetu unaishi kwa nafaka. Mavuno yakianza kuingia, malori hujipanga kando ya barabara kuu ya Dodoma na Morogoro yakisubiri mzigo wa sokoni, na sisi wanunuzi wadogo huweka magunia majumbani tukingoja bei. Mwenye magunia uani hahitaji kuelezwa faida ya mbwa. Nilimtaka mlinzi, na nilimtaka haraka.

Makosa yalianza siku aliyofika. Kwa mama yake alikuwa ananyonya na kulamba uji kidogo. Kwangu nilimpa maziwa mabichi ya ng'ombe na ugali wa dona, ghafla, bila kumzoesha. Dona lenyewe lilitokana na mahindi ya kuzoa chini, yale yanayobaki magunia yakishashonwa, na mengine yalikuwa na harufu ya ukungu. Nilijua hayafai kuliwa na watu. Nikasema ni ya mbwa. Kauli hiyo, kwamba ni mbwa, ndiyo iliyoongoza kila nilichokifanya baadaye.

Mwanzoni choo chake kilikuwa laini tu. Alicheza, alikula, alikimbiza kuku, nami sikujali. Huo ndio wakati ambao kumsaidia kungekuwa rahisi kuliko wakati mwingine wowote. Kisha choo kikawa maji matupu. Nikaona anakunywa sana, na kila akinywa anatoka tena, nikaunganisha mambo hayo mawili kwa njia ya hovyo: maji ndiyo yanayomharisha. Nikaondoa bakuli. Halafu nikafungua kisanduku cha dawa za nyumbani, nikatoa kidonge cha kufunga tumbo cha mtu mzima, nikakikata kwa kukadiria, nikamsukumia kooni.

Wanaoijua Dodoma wakati wa kiangazi wanajua jua la mchana lilivyo. Mbwa hatoi jasho mwilini kama mtu, hujipoza kwa kuhema, na kila pumzi inaondoka na maji. Jasiri alilala kwenye kivuli cha ukuta akihema. Baadaye alijikokota hadi pale tunapoweka madumu, akaanza kulamba udongo uliolowa chini yake. Nilimwona. Nilimwondoa pale kwa mkono wangu, nikamrudisha ukutani, nikamfungia mbali na madumu ili asipate hata unyevu ule.

Asubuhi hakuweza kusimama. Hapo ndipo nilipokwenda kumtafuta afisa mifugo. Alimfunua mdomo, ufizi ulikuwa umekauka unanata. Alimvuta ngozi ya mgongoni, ikabaki imesimama. Alimchoma maji ya dripu chini ya ngozi, akafanya yote aliyoweza, lakini tulikuwa tumechelewa. Wakati anahangaika naye aliniuliza maswali matatu: amekula nini, amepewa lini dawa ya minyoo, na amekunywa maji kiasi gani. Kwa la tatu nilijibu kwamba nilimnyima ili tumbo lifunge. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kwa upole, "Kaka, mtoto wako akihara, unamnyima maji?"

Simnyimi. Binti yetu alipohara, mama yake nami tulikesha tukimpa maji ya ORS kwa kijiko, kidogokidogo, kama tulivyofundishwa kliniki. Pakiti zilizobaki zilikuwa ndani ya kisanduku kilekile nilichofungua kumtafutia Jasiri kidonge. Mkono wangu ulizipita pakiti hizo. Sikuwa mjinga wa jambo hili. Elimu ilikuwamo nyumbani mwangu, nilikuwa nimeitumia kwa mikono yangu, na sikuitumia kwa sababu aliyekuwa anahara alikuwa mbwa. Katika wilaya ya wafugaji kama Kongwa yetu, ndama akihara tunamtafuta mtaalamu siku hiyohiyo, kwa kuwa ndama ni mali. Mbwa tunamwachia Mungu.

Tangu siku ile nimeuliza, nimesoma na nimewasumbua wataalamu, nami nataka niliyojifunza yamfikie mwingine kabla hajafanya nilichofanya mimi.

Kwanza ni hili la maji. Mtoto wa mbwa mwenye kilo 2 akipoteza asilimia 10 ya uzito wake kwa kuhara na kutapika, tayari yuko katika hatari kubwa. Asilimia 10 ya kilo 2 ni gramu 200, yaani maji yasiyojaza glasi moja. Kiasi hicho mbwa mdogo anaweza kukimaliza katika muda mfupi sana. Maji anayokunywa hayaleti kuhara. Utumbo uliojeruhiwa ndio unaoyamwaga, na asipoyarudisha kwa mdomo, damu inakuwa nzito, figo zinashindwa, moyo unachoka. Kiu ya Jasiri ilikuwa mwili wake unaodai haki yake, nami nikaihesabu kuwa ni ugonjwa.

Dunia ya tiba ilijifunza jambo hili kwa gharama kubwa. Mwaka 1971, wakati wa vita vya ukombozi wa Bangladesh, kipindupindu kiliwaangukia wakimbizi waliovuka kuingia India. Katika kambi ya Bangaon dripu zilikwisha, na daktari Dilip Mahalanabis akaamua kuwapa wagonjwa maji yenye sukari na chumvi wanywe kwa mdomo. Vifo, vilivyokuwa karibu watu 30 katika kila wagonjwa 100, vilishuka hadi chini ya 4. Siri yake ni kwamba hata utumbo unapohara, njia moja hubaki wazi: sukari hupita kwenye ukuta wa utumbo ikiongozana na chumvi, na maji huzifuata. Utumbo wa mbwa una njia hiyohiyo.

Pili ni kidonge. Dawa ya kufunga tumbo hupunguza mwendo wa utumbo. Ikiwa ndani mna vijidudu au sumu, unavifungia humohumo viendelee kuharibu. Dawa za maumivu za binadamu ni mbaya zaidi: diklofenaki na ibuprofeni huweza kumtoboa mbwa tumbo na kuua figo zake, na parasetamoli humharibia ini. Hata vidonge vya zinki tunavyopewa pamoja na ORS kwa ajili ya watoto wetu, mbwa asipewe bila mtaalamu kuagiza. Na sisi wa mikoa ya mifugo tuna tabia ya kumchoma mbwa sindano ya ng'ombe kwa kukadiria kwa macho. Kwa mtoto wa mbwa, makadirio hayo yanaweza kuua.

Tatu ni chanzo, maana kuhara kuna sababu, na kwa Jasiri sababu ninazoweza kuzitaja ni zaidi ya moja. Kubadili chakula ghafla peke yake kunatosha kumharisha mbwa mchanga. Maziwa ya ng'ombe yana sukari nyingi na mafuta machache kuliko ya mbwa jike, na tumbo linaloachishwa kunyonya linashindwa kuisaga sukari ile. Ukungu wa mahindi ni jambo zito zaidi. Sisi watu wa Dodoma hatuna udhuru wa kusema hatujui sumukuvu, sumu itokanayo na ukungu huo, kwa kuwa mwaka 2016 iliua watu katika mkoa wetu na wa jirani zetu wa Manyara. Sumu hiyo haiondoki kwa kupika, na mbwa ni miongoni mwa wanyama inaowaumiza haraka, ikianzia kwenye ini. Huko Marekani, mwishoni mwa mwaka 2005, mbwa zaidi ya 100 walikufa kwa kula chakula cha dukani kilichotengenezwa kwa mahindi yenye sumukuvu. Mahindi niliyoyakataa kwa ajili ya watoto wangu sikupaswa kuyapika kwa ajili ya kiumbe mwingine.

Halafu kuna minyoo. Sikujua kwamba mtoto wa mbwa anaweza kuzaliwa nayo: mingine humwingia akiwa tumboni mwa mama, mingine kupitia maziwa anayonyonya. Ndiyo maana dawa huanza akiwa na wiki 2, ikarudiwa kila baada ya wiki 2 hadi afikishe kama wiki 8 au 12, kisha kila mwezi hadi miezi 6. Mimi nilikuwa nikisubiri akue. Na hili si la mbwa peke yake, kwa kuwa mayai ya minyoo hiyo hubaki kwenye udongo wa uani, na mtoto anayecheza hapo akiyameza, minyoo michanga huweza kusafiri mwilini mwake hadi kwenye ini, hata kwenye jicho.

Na kuna parvo, virusi vilivyojulikana mwaka 1978 na kuenea duniani kote katika muda mfupi. Hushambulia ukuta wa utumbo na kinga ya mwili kwa pamoja, mbwa akatapika na kuhara choo chenye damu na harufu kali. Asipotibiwa, wengi hawaponi. Nilidhani mbwa akishapata chanjo amekingwa kwa yote, kumbe chanjo ya kichaa cha mbwa haizuii parvo. Parvo ina chanjo yake, huanza akiwa na wiki 6 hadi 8, na hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 hadi atimize wiki 16. Virusi hivyo hukaa kwenye udongo miezi mingi, hivyo palipofia mbwa kwa parvo pasiletwe mtoto mwingine asiyechanjwa. Sakafu ioshwe uchafu wote utoke, kisha ipigwe dawa ya klorini ya kufulia, sehemu 1 kwa sehemu 30 za maji, ikae dakika 10.

Sasa nina mbwa mwingine. Sikustahili kuaminiwa naye, lakini nimemchukua nikiwa nimejiwekea masharti. Amekuja akiwa ameshaachishwa vizuri, na chakula alichokizoea nilikichukua huko alikotoka, nikakichanganya na cha kwangu kwa kukiongeza kidogokidogo muda wa wiki nzima. Amepata dawa ya minyoo kwa kupimwa uzito. Siku aliyopata choo laini nilimpa wali mweupe laini na kuku wa kuchemsha asiye na ngozi, mafuta wala kitunguu, kwa kuwa kitunguu huharibu damu ya mbwa. Nilimgawia sehemu ndogondogo mara nyingi kwa siku. Sikumfungisha, maana mbwa mchanga akikaa na njaa muda mrefu sukari hushuka mwilini na anaweza kuzimia. Bakuli la maji safi lilikuwa mbele yake wakati wote. Pembeni niliweka ORS, pakiti moja kwa lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, nikampa kijiko cha chai kila baada ya dakika 10 au 15 kwa bomba la sindano lisilo na ncha, nikipitisha pembeni mwa mdomo ili asipaliwe.

Kuna dalili ambazo nikiziona sitajaribu lolote nyumbani: damu kwenye choo, kutapika kila anachokunywa, ufizi mkavu au mweupe, kulegea, kukataa chakula. Hapo dripu ndiyo inayohitajika, na mwenye nayo ni mtaalamu. Mbwa aliye chini ya miezi 3, au asiyechanjwa, akihara siku nzima, nampeleka hata kama bado anatikisa mkia. Jasiri naye alikuwa bado anatikisa mkia nilipomwondolea bakuli.

Nimeshamwambia binti yangu ukweli. Alikuwa anaamini kwamba Jasiri alikufa kwa ugonjwa, na ningeweza kumwacha na imani hiyo. Lakini siku moja atafuga mwenyewe, na nikimficha atarithi kosa langu pamoja na magunia yangu. Alilia, akaniuliza kwa nini sikumpa maji kama nilivyompa yeye. Nilimjibu hivi ninavyowajibu ninyi: nilimwona kuwa ni mbwa tu.

Mwenzangu unayesoma haya ukiwa na mtoto wa mbwa anayehara uani kwako, usingoje kujua chanzo ndipo umpe maji. Mpe maji sasa, kidogokidogo, kisha umtafute afisa mifugo umweleze kila ulichomlisha, bila kuficha. Ukiona aibu kumsumbua mtaalamu kwa ajili ya mbwa, kumbuka kwamba mimi niliogopa aibu hiyo, na hii ninayoibeba sasa ni kubwa kuliko ile.