Chupa ya lita moja haitoshi ekari ya mahindi

Masika yakikaribia, simu yangu hapa Iowa, Marekani, hujaa sauti za watu wa kwetu Likoni, Mombasa. Msimu huu swali ni moja: nyinyi huko mnapandia mahindi mbolea ya maji, mbona sisi tunang'ang'ania mfuko? Aliyelianzisha ni shangazi yangu wa Shika Adabu. Muuza pembejeo mmoja amemwambia chupa ya lita moja inafanya kazi ya mfuko mzima wa mbolea ya kupandia ya DAP, na kwamba Wazungu walishaachana na mifuko zamani.

Hawajaachana nayo. Iowa ndiyo inayoongoza Marekani kwa mahindi, na baada ya mavuno, Oktoba na Novemba, malori huzunguka mashambani yakirusha mbolea ya chengachenga. Ile ya maji ya kupandia ni nyongeza tu, hutiwa pamoja na mbegu. Inayotumika sana ni 10-34-0, yaani asilimia 10 ya naitrojeni na 34 ya fosfeti. Mashine ya kupandia hubeba matangi, na kila mstari una kimrija chake kinachodondosha mbolea pembeni ya mbegu, au palepale mferejini ilipoangukia. Wanaotia mferejini hutumia kama galoni 5 kwa ekari, karibu lita 19. Hawazidishi, maana chumvi yake huunguza mbegu, hasa kwenye udongo wa kichanga.

Kwa nini basi wanajisumbua? Kwanza ni baridi. Huku watu huanza kupanda udongo ukifika nyuzi 10 hivi, na katika ubaridi huo mizizi michanga huhangaika kuipata fosforasi, ndiyo maana wanaisogeza karibu nayo. Pili ni kazi. Mwenye ekari elfu moja na mwanawe hawawezi kushinda wakibeba magunia, kwa hiyo pampu inawabebea. Sasa niambieni, udongo wa Likoni ulipata baridi lini? Na shangazi, mwenye ekari moja kasorobo chini ya minazi, anahitaji pampu ya nini?

Tupige hesabu, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoibiwa. Mfuko wa kilo 50 wa DAP umeandikwa 18-46-0. Ndani yake mna kilo 9 za naitrojeni na kilo 23 za fosfeti. Lita moja ya 10-34-0, mbolea nzito kabisa ya hawa jamaa wa Iowa, ina chini ya nusu kilo ya fosfeti. Ili kulingana na mfuko mmoja unahitaji lita 48 hivi, na mzigo wake unaupita mfuko wenyewe kwa uzito, maana umebeba na maji. Chupa wanazouziwa watu wetu ni busta za kupulizia majani. Ukipanda kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 50, ekari ina mashimo karibu 10,800. Gawa lita moja humo, kila shimo linapata kama matone mawili.

Mfuko huohuo wa DAP ukiugawa unatoa gramu nne na nusu hivi kwa shimo, karibu kifuniko kimoja cha soda. Shangazi anafanya hivyo tangu nilipokuwa mdogo: jembe, kifuniko, anarudishia mchanga kidogo kwa mguu ili mbegu isigusane na mbolea, ndipo anadondosha punje mbili za PH4, mbegu ya mahindi iliyotokana na kituo cha utafiti cha Mtwapa. Ule mchanga wa katikati ndio kinga yake dhidi ya kuunguza, na hauhitaji mashine.

Tena busta inataka maji. Kupulizia ekari moja ni bomba la lita 20 mara nane au kumi. Anayenunua maji kwa mitungi kule Kisauni au Mikindani anajua hiyo ni gharama gani.

Naelewa kwa nini chupa imepata soko. Mwaka 2024 ilizuka kashfa ya mbolea bandia katika mpango wa serikali wa mbolea ya ruzuku, na imani ya watu kwa mifuko ikashuka. Lakini mfuko wenye mashaka hautibiwi kwa chupa yenye mashaka zaidi. Bei ya ruzuku ilishushwa mwaka 2023 kutoka shilingi 3,500 hadi 2,500 kwa mfuko. Kama hujajisajili kupata mbolea hiyo ya ruzuku, anzia hapo.

Kama ningetaka kubishana na shangazi, ningebishana kuhusu mbolea ya kukuzia. Mchanga wetu haushiki naitrojeni, mvua kubwa za Mei huishusha chini mizizi isikofika. CAN, ambayo ndiyo hiyo ya kukuzia, itiwe mara mbili, nusu mahindi yakifika magotini na nusu kabla hayajatoa mbelewele, na samadi ichanganywe shambani kabla ya yote. Ng'ombe wa kufugwa zizini wamejaa Kisauni, na samadi yao mara nyingi inatupwa.

Busta nayo ina mahali pake. Mahindi yakionyesha michirizi ya manjano kwa kukosa zinki, au kwenye bustani ya mchicha na sukuma wiki, kupulizia kunafaa. Ila ukiletewa chupa ukaambiwa ni ya kupandia, igeuze usome zile namba tatu, zidisha asilimia ya katikati, ile ya fosfeti, na uzito wa mbolea iliyomo, linganisha na kilo 23 za mfuko wa DAP. Na kama pesa uliyonayo inatosha kitu kimoja tu, nunua mfuko.