Neno Lililomkimbiza Kaka Yangu

Leo nataka kuwasimulia kosa langu mwenyewe. Mimi ni mwalimu mstaafu. Kwa miaka mingi nimefundisha watoto Kiswahili, nikisahihisha daftari zao kwa kalamu nyekundu: neno hili hapana, neno lile ndilo. Kumbe siku moja nilipotakiwa kuchagua neno lililo sawa kwa ajili ya ndugu yangu wa tumbo moja, nilikosa, na kosa hilo lilikaribia kumwondoa duniani.

Kaka yangu alikuwa mnadi wa samaki katika mwalo mmoja wa Ziwa Viktoria, upande wa Mwanza. Kazi yake ilikuwa kupaza sauti tangu alfajiri, mitumbwi ifikapo, mpaka jua lipande na samaki waishe. Tena alikuwa mvutaji wa sigara, pakiti nzima kwa siku, na jioni hakukosa pombe kali.

Mwaka 2014 sauti yake ikaanza kumpwelea. Wajua, chombo hupwelea kikikosa maji ya kukielea, kikabaki mchangani. Ndivyo ilivyokuwa sauti ya kaka: aliisukuma, haikwenda. Wanunuzi wakamcheka, wakasema mnadi amemeza mwiba wa sato. Naye akacheka. Mimi, msomi wa ukoo, nikamwambia, “Kaka, hayo ni mafua na makelele ya mwaloni. Kunywa tangawizi na asali.” Akanywa. Jirani mmoja akasema kimeo kimerefuka, kikatwe. Mwingine akasema kuna mtu mwenye wivu aliyeifunga sauti yake. Kila mtu alikuwa na dawa, wala hakuna aliyesema, “Twende kwa daktari.”

Miezi mitano ikapita. Hakuwa na homa, hakuwa na maumivu makali, na hilo ndilo lililotudanganya. Hata usiku mmoja shemeji akaja kunigongea mlango, akasema mumewe akilala pumzi yake inalia kama filimbi, na mate yake yana damu. Hapo ndipo tuliposhika njia ya hospitali.

Daktari alikuwa mama wa makamo, mpole. Alipitisha puani mwa kaka mpira mwembamba wenye taa, akachungulia ndani, na siku nyingine akakata kipande kidogo cha nyama kwenda kupimwa. Majibu yalipokuja, akaniita mimi kwanza. Kwa kuwa nilikuwa nimejivuna kwamba najua Kiingereza, akanieleza kwa Kiingereza, kwa maneno marefu ya kidaktari, kisha akaniomba nikamweleze mgonjwa kwa utaratibu.

Nikaenda kitandani. Nikasema, “Kaka, ni saratani ya koo. Itabidi wakukate koo, walitoe.”

Alinitazama tu. Hakuuliza neno. Asubuhi kitanda chake kilikuwa kitupu.

Nilimkuta siku ya pili yake mwaloni, ameketi juu ya mtumbwi uliofudikizwa. Akaniambia kwa sauti iliyobaki, ambayo ilikuwa upepo mtupu, “Mdogo wangu, nyumbani kwetu anayekatwa koo ni kuku na mbuzi. Wewe umenihukumu kuchinjwa. Nikiondolewa koo, chakula kitapita wapi? Niache nife nalo.”

Ndugu zangu, nililia. Maana hakukataa matibabu. Alikataa neno langu. Nami nilipojichunguza moyoni niliona kwamba hata mimi sikujua ni kitu gani hasa kitakachotolewa. Kwangu kila kitu kati ya kidevu na kifua kilikuwa “koo”.

Nikarudi kwa mama daktari nikamweleza yaliyotokea. Hakunikemea. Alichukua karatasi, akachora shingo ya mtu kwa ubavu, akasema, “Mwalimu, leo wewe ndiwe mwanafunzi.” Haya ndiyo aliyonifundisha, nami nawapa ninyi kama nilivyoyapokea.

Koo ni kama ua lenye milango miwili. Mlango wa nyuma ni wa umio, njia ya chakula iendayo tumboni. Mlango wa mbele ni wa njia ya pumzi iendayo mapafuni. Juu ya njia hiyo ya pumzi pamejengwa kibanda cha mlinzi, na kibanda hicho ndicho zoloto. Kuta zake ni za gegedu, ule mfupa laini kama wa sikio. Sehemu yake itokezayo mbele ya shingo ya mwanamume, ipandayo na kushuka amezapo mate, ndiyo watu waiitayo kongomeo. Ndani ya zoloto mna nyuzi mbili za sauti. Tukivuta pumzi hufunguka. Tukisema hukutana na kutetema, kwa mwanamume kama mara 100 kila sekunde, na kwa mwanamke kama mara 200. Juu yake kuna kifuniko kiitwacho kidakatonge. Tukimeza, zoloto hupanda na kifuniko hulala, tonge likapita nyuma kwenda umioni. Likikosea njia, twapaliwa. Na kimeo je? Kimeo ni kinyama kile kining'iniacho nyuma ya kinywa, mbali juu ya zoloto. Kukikata hakuponyi sauti wala kikohozi. Kumeleta damu nyingi na vidonda vyenye usaha, na watoto wamekufa kwa ajili yake.

Kisha akanifundisha kuyakata yale maneno marefu, kama mimi nilivyowafundisha watoto kukata silabi. Jina la zoloto katika udaktari ni laringi, lililotoka katika Kiyunani. Neno likiishia kwa “iti”, maana yake ni uvimbe wenye moto: laringiti, yaani zoloto limevimba kwa mafua au kwa kupiga kelele. Likiishia kwa “skopi”, ni kuchungulia: laringoskopi. Likiishia kwa “stomi”, ni kufungua tundu: trakeostomi, yaani tundu katika njia ya pumzi. Na likiishia kwa “ektomi”, ni kukiondoa kitu: laringektomi. Neno hilo la mwisho ndilo lililomhusu kaka. Litaondolewa zoloto. Umio utabaki. Atakula kwa kinywa chake kama watu wote.

Nilimwuliza kama ni jambo la kujaribia. Akatabasamu, akaniambia kwamba daktari Theodor Billroth wa Vienna aliondoa zoloto zima lenye saratani mwaka 1873. Tena akasema, “Na mtu aliyeziona nyuzi zake mwenyewe za sauti zikicheza alikuwa mwalimu kama wewe.” Huyo alikuwa Manuel Garcia, Mhispania aliyefundisha uimbaji. Mwaka 1854 alitia kinywani kioo kidogo cha daktari wa meno, akakimulika kwa mwanga wa jua akitumia kioo cha mkononi, akaliona zoloto lake likifunguka na kufumba. Mwaka 1855 habari hiyo ilisomwa mbele ya wataalamu huko London, na madaktari wakaifuata njia hiyo. Naye akaishi mpaka umri wa miaka 101.

Nikakunja ile karatasi, nikarudi mwaloni. Nikaokota kijiti, nikamchorea kaka mchangani: huku umio, huku pumzi, na hapa kibanda cha mlinzi ambacho kimeingiwa na moto. Nikasema, “Hawakukati koo. Wanaondoa zoloto, ili moto usishike nyumba nzima. Utakula. Utapumua kwa tundu hapa shingoni. Sauti yako ya mnada haitarudi, sitakuficha. Lakini utaishi.” Alikitazama kile kibanda cha mchangani muda mrefu. Kisha akachukua kijiti mkononi mwangu, akakifuta mwenyewe. Jioni ile tulirudi hospitali.

Alipasuliwa, kisha akasafiri Dar es Salaam kwa matibabu ya mionzi. Leo yu hai. Yako mambo aliyoyaacha: hawezi kupuliza moto wa jikoni, hawezi kupiga mluzi, harufu ya samaki wa kukaanga haisikii vizuri, wala haingii ziwani kuoga, maana maji yakiingia katika lile tundu yataingia mapafuni. Sigara ameiacha kabisa. Shingoni hujifunga kitambaa safi ili vumbi lisiingie. Na sisi nyumbani tumefundishwa kwamba akizimia, pumzi ya kumwokoa apewe kwa tundu la shingo. Kinywa na pua yake havifiki tena mapafuni. Kila aliye na ndugu wa namna hiyo ayajue hayo.

Sasa, wapenzi wasomaji, nisikilizeni mliye na zoloto zima. Sauti ikipwelea kwa mafua, kwa kawaida hurudi katika juma moja au mawili ukiipumzisha. Walimu, waimbaji, wahubiri na wachuuzi huweza kuota vinundu juu ya nyuzi za sauti kwa kuzitumikisha mno. Hivyo mara nyingi hutibiwa kwa kuipumzisha sauti na kujifunza kuitumia vizuri, bila kisu. Lakini sauti ikipwelea zaidi ya majuma matatu, usihesabu la nne. Nenda ukachunguliwe. Huenda ni kinundu tu. Huenda ugonjwa uko kifuani, maana mshipa wa fahamu uongozao uzi wa kushoto wa sauti hushuka kifuani kwanza ndipo upande tena shingoni. Na huenda ni saratani, hasa kwa mvuta sigara na mnywaji wa pombe. Saratani ya nyuzi za sauti ikionekana mapema, mara nyingi hutibiwa na zoloto likabaki. Miezi mitano ya tangawizi ndiyo iliyotunyima nafasi hiyo.

Akina mama, mtoto akivuta pumzi kwa mlio na mbavu zikabonyea, msingoje asubuhi. Njia yake ya pumzi ni nyembamba, yaweza kuziba upesi. Wala msikose kumpeleka kuchanjwa, maana katika chanjo za utotoni mna kinga ya dondakoo, ugonjwa ambao huweka utando kooni na kumnyonga mtoto.

Na ninyi mlio wasomi wa ukoo, mnaoitwa kumfasiria mzee maneno ya daktari, naomba mjifunze kwa aibu yangu. Kabla hujafungua kinywa, mwulize daktari: ni kitu gani hasa, kiko wapi, kazi yake nini, na kikiondolewa mtu atabaki na nini? Kama huna neno, chora picha. Mgonjwa huamua kwa neno ulilompa.

Kaka yangu amerudi mwaloni. Mwanawe ndiye anayenadi sasa, naye huketi kando na daftari, akipiga kengele kila fungu linaponunuliwa. Alifundishwa kumeza hewa kidogo na kuirudisha kama mbweu, akiifanya neno. Sauti hiyo ni nzito na fupi, maneno machache kwa mara moja, lakini yasikika. Mwezi uliopita nilikuwa nimeketi naye, akaja mnunuzi mgeni, akamnong'oneza mwenzake, “Huyu ndiye yule mzee aliyekatwa koo?”

Kaka akaiweka kalamu chini. Akameza hewa yake, akamtazama yule kijana kama mimi nilivyokuwa nikiwatazama wanafunzi wangu, akasema neno moja:

“Zoloto.”

Kisha akapiga kengele, mnada ukaendelea.